Mzee Gobore Anajibu: Kulungu, bastola na sahani ya karatasi

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Ndiyo maana kuanzia mwezi wa tisa barua zenu huacha habari za samaki na kugeukia nyama. Safari hii nimechagua nne. Naanza na iliyo ndefu.

*Shikamoo Mzee Gobore. Mimi ni Mkongo niliyekulia kambi ya Nyarugusu, sasa niko Erie mwaka wa sita, nina grinikadi. Kazini nipo zamu moja na Wamarekani wawili ambao ukifika mwezi wa kumi na moja hawana hadithi nyingine ila kulungu. Mmoja anawinda kwa rivolva, ile bastola ya silinda kama ya makauboi. Alinionyesha picha ya dume la pembe za ncha nane, akasema risasi ilikuwa moja tu. Mimi mwaka jana nilienda na bunduki ya kuazima nikarudi mikono mitupu. Sasa nataka kununua magnum .44. Mke wangu anasema bastola ni ya kuua watu, haiingii nyumbani kwake. Je, kweli bastola inaangusha kulungu, au jamaa ananichezea? Na mama watoto nimwambie nini?*
*Mpiga Zamu, Erie*

Marahaba mwanangu, na karibu kwenye ugonjwa huu.

Mwenzako hakuchezei. Magnum .44, yaani rivolva ya risasi kali yenye unene wa karibu inchi 0.44, inamlaza kulungu, na watu wameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Risasi ya .357 Magnum ilitoka 1935. Ya .44 ikaja katikati ya miaka ya 1950, baada ya mfugaji mmoja wa Idaho, Elmer Keith, kuwasumbua watengenezaji kwa miaka mingi akitaka risasi nzito zaidi ya bastola. Remington wakatengeneza risasi, Smith & Wesson wakatengeneza bastola ya kuipiga. Baadaye zimekuja kubwa kuliko hiyo, hadi ile ya .500 ya mwaka 2003, ambayo niliipiga mara moja uwanjani na sina hamu nayo tena. Kwa kulungu wa huku, dume mzima wa kilo 60 au 70, .44 inatosha na chenji inabaki.

Ila kamuulize alikuwa umbali gani.

Risasi ya kawaida ya .44 ina gramu 15 na nusu hivi, na inatoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde. Bunduki ya .30-06 inatoa risasi nyepesi kuliko hiyo, kwa kasi inayokaribia au kuzidi mara mbili. Risasi ya bunduki ikiingia, hata nyama ya pembeni inavurugika. Ya bastola inatoboa tu: tundu la kuingilia, tundu la kutokea, basi. Tundu hilo likipita mapafu yote mawili, kulungu atakimbia hatua hamsini au mia kisha atalala. Likipita kwingine, umejitafutia usiku mrefu.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria pembe, nunua sahani za karatasi, zile za kulia pilau kwenye harusi, za inchi 9. Ukubwa wake unakaribia ule wa moyo na mapafu ya kulungu aliyekugeuzia ubavu. Tundika moja yadi 25. Keti chini, egemeza mgongo kwenye mti au nguzo, viwiko juu ya magoti. Piga sita. Zote zikiingia kwenye sahani, sogea hadi 35, halafu 50. Siku itakapotoka hata moja nje, rudi ulikotoka: umbali wako ni ule wa sahani ya mwisho iliyokubali sita zote. Bastola yenyewe inaweza zaidi, na mwenzako pia huenda anaweza zaidi, lakini kulungu utampiga wewe. Na usipige sita za kwanza za siku ukajisifu. Piga ukiwa umechoka, umeshika baridi, vidole vimekufa ganzi. Mwezi wa kumi na moja msituni hakuna vidole vyenye joto.

Nasema haya kwa sababu niliaibika. Mwaka wangu wa kwanza na bastola, enzi zile msimu ukifunguliwa Jumatatu, jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyenifundisha uwindaji wa huku, aliniketisha chini ya mwaloni katika Msitu wa Taifa wa Allegheny, si mbali na Tionesta, akaenda zake bonde la pili. Saa mbili asubuhi akatokea jike, anaokota njugu za mwaloni, yadi sabini na tano hivi. Sahani zangu zilikuwa zikikubali yadi arobaini. Nilijua. Nikasimama, nikanyoosha mikono kama polisi wa sinema, nikafyatua.

Jirani alipofika alinikuta nimeshika jani lenye damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa. Akalinusa. Hakusema neno. Akakaa kwenye gogo, akafungua chupa ya kahawa, akanimiminia. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu: unasubiri nusu saa, unamfuata. Nyeusi ni ini, subiri zaidi. Yenye majani ni tumbo, na mnyama wa tumbo ukimfuata mapema anainuka na kwenda mbali zaidi. Tulikaa hadi alasiri. Theluji ikaanza kama saa tisa, ikafunika kila alama. Tulimpata kesho yake kando ya kijito, koyote, mbweha wa huku, wamebakiza kichwa na mbavu. Jirani akaniambia nitoe lebo yangu nimfunge sikioni kama sheria inavyotaka. Nikaifunga. Leseni yangu ya jike ya mwaka ule iliishia kwenye mbavu tupu, na nikaendesha gari mwendo wa saa mbili kurudi nyumbani na sanduku la barafu lisilo na kitu.

Baba yangu mdogo kule Uvinza alikuwa na gobore, na jina langu la safu hii limetoka kwake. Gobore unatia baruti, unashindilia, unaweka fataki. Ukikosa, mpaka upakie tena mnyama keshafika ng'ambo ya Malagarasi. Kwa hiyo mzee yule alinyemelea mpaka aone kope. Alirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko alivyorudi na nyama, na hakuona haya. Rivolva ina risasi sita lakini iwinde kama gobore. Kaa palipo na upepo unaokuja usoni kwako, subiri wakaribie, subiri ageuze ubavu, subiri mguu wa mbele usogee mbele, kisha nyuma ya bega. Akikutazama usoni, mwache. Akiwa nyuma ya matawi, mwache. Wengi nimewaacha.

Mambo ya chuma chenyewe sasa. Kati ya silinda na mtutu wa rivolva kuna mwanya mwembamba kama karatasi, na humo moto hutoka pembeni kila unapofyatua. Mkono wa kushikilia usisogee mbele ya silinda hata kidogo. Kovu la kidole changu cha shahada cha kushoto ni la hapo. Nilikuwa nimeshika bastola kama nishikavyo bunduki. Masikio nayo: mlio mmoja wa .44 bila vizibo unaweza kukuachia kengele za maisha. Rika langu la wawindaji wote ni watu wa "unasemaje?". Vaa vizibo hata msituni, vipo vya umeme ambavyo vinakuachia majani yakikwaruza na kuzima mlipuko.

Usianze na risasi kali. Bastola ya .44 Magnum inakubali pia risasi fupi ya .44 Special, tulivu zaidi. Jifunzie hiyo miezi mitatu. Anayeanza na kali hujifunza kufumba macho kabla ya kuvuta, na tabia hiyo kuitoa ni kazi kuliko kumuachisha mtoto kunyonya. Rudisha nyundo nyuma kwa dole gumba kwanza, kisha vuta kifyatulio. Kuvuta moja kwa moja ni kuzito na mtutu unayumba. Na ukiuziwa rivolva ya kikauboi ya zamani, uliza imetengenezwa lini. Nyingi za zamani hazina kizuizi ndani, zikidondoka zinafyatuka, na wenyewe hubeba risasi tano tu wakiacha tundu tupu chini ya nyundo. Kampuni ya Ruger walibadilisha zao mwaka 1973.

Karatasi. Hapa tulia, kwa sababu wewe si mwenzako wa kazini.

Pennsylvania hairuhusu kuwinda kulungu kwa bastola inayojipakia yenyewe. Rivolva inaruhusiwa. Utavaa rangi ya machungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, kama ulivyovaa mwaka jana. Hayo ni mepesi. Zito ni gari. Bunduki ndefu isiyo na risasi unaweka kwenye buti, unaondoka. Bastola ndani ya gari bila kibali, nje ya safari chache zilizotajwa na sheria, ni kosa la jinai katika jimbo hili. Mwenye leseni ya kuwinda anaweza kuomba kibali cha silaha cha mwindaji kwa mweka hazina wa kaunti. Kiombe kabla ya kununua bastola.

Kwa nini nasisitiza? Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki silaha. Lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, sheria ya uhamiaji inaweza kumtoa nchini. Mmarekani mwenzako akikamatwa na bastola chini ya kiti atatafuta wakili mmoja. Wewe utatafuta wawili, na wa pili ndiye atakayekunyima usingizi. Fomu ya dukani nayo inauliza kama unatumia bangi. Usijidanganye kwamba daktari wa jimbo ameiandika, fomu ni ya shirikisho. Jibu kweli au usinunue.

Mama watoto hajakosea, mwanangu. Waliobuni bastola hawakuwa wanawaza kulungu. Na mtu aliyetoka Kivu, bastola aliyoiona kwa macho yake haikuwa mkononi mwa mwindaji. Usimshinde kwa hoja. Mwonyeshe kasha la chuma kabla ya bastola, lifungwe ukutani, risasi zikae mahali pengine kwa ufunguo mwingine, na ufunguo mmoja akae nao yeye. Mpeleke uwanjani akitaka, asipotaka, yaishe. Na akikataa kabisa, wewe tayari unajua njia ya bunduki ya kuazima, na ndani ya yadi hamsini kulungu hajui tofauti. Utafika karibu ukiwa na chochote.

*Assalaam aleikum Mzee. Mimi ni mtu wa Lamu, tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu huwinda kulungu kwa bastola pamoja na rafiki yake. Mwaka uliopita alileta mnyama mzima, tukagandisha. Mama mkwe alipokuja akasema nyama iliyopigwa risasi ni mzoga, hakuonja, na tangu hapo watoto nao wanauliza. Ni kweli?*
*Mama wa Watatu*

Waalaikumu ssalaam, bibi. Mimi si sheikh. Nitakupa upande wa risasi, wa fikihi umpelekee imamu wenu.

Mama mkwe hakuzusha. Wanazuoni wametofautiana juu ya risasi, na chanzo ni hadithi ya Adiy bin Hatim aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kuwinda kwa mshale mzito. Akajibiwa kwamba uliochoma kwa makali yake, ale. Uliogonga kwa ubapa, asile, huyo amekufa kwa kipigo. Waliotangulia walikuwa na vidonge vya udongo vya manati, vinavyogonga. Wengi wa siku hizi wanasema risasi inatoboa na kumwaga damu, basi inahesabiwa na kinachochoma. Wengine, hasa kwa Wahanafi, wanasema inaua kwa nguvu ya kugonga, kwa hiyo mpaka umdiriki mnyama akiwa hai umchinje.

Sasa la bastola lina lake. Risasi nyingi za kulungu za rivolva zimekatwa pua, bapa kabisa, na zinakwenda polepole kuliko za bunduki. Mwambie mumeo amweleze imamu hivyo, asiseme "risasi" tu akaishia hapo. Amweleze pia kama hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na kama hubeba kisu cha kuchinjia akimkuta bado anapumua. Hadithi hiyohiyo inazungumzia mnyama aliyepotea akaonekana baadaye: kama hana alama nyingine ila yako, na hakuangukia majini. Mara ngapi kulungu wa huku huenda kufia kijitoni! Kiu ya jeraha huwapeleka.

Na mumeo yuko Ohio, ambako mtutu wa bastola ya kulungu haupaswi kupungua inchi 5, na risasi iwe .357 au zaidi, ya ganda lililonyooka. Ameshajua bila shaka, lakini napenda kumkumbusha mtu kupitia kwa mkewe.

Mpaka imamu ajibu, nyama iliyogandishwa haiharibiki. Mpikie mama mkwe kuku.

*Mzee, niko Pittsburgh kwa viza ya mwanafunzi. Profesa wangu amenialika nikapige shabaha kwa rivolva yake kisha twende kulungu. Nikikubali kuna tatizo?*
*Mwanafunzi*

Lipo. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda kama yako kushika silaha au risasi, na "kushika" ni pamoja na kuazimwa dakika tano uwanjani. Kuna milango michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kozi ya usalama ya wawindaji kwanza, kisha leseni, leseni iwe mfukoni, umuone wakili wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, kisha profesa. Yeye ni raia na hajawahi kulazimika kuliwaza jambo hili, usimlaumu. Mwambie mwaka huu utambebea kulungu. Kuburuta mnyama mlimani hakuhitaji viza.

*Mzee wangu, nakusoma nikiwa Morogoro. Hao kulungu wenu ndio hawa wetu wa milima ya Uluguru? Na huku kwetu mtu mwenye bastola anaweza kwenda kuwinda?*
*Mluguru Halisi*

La pili kwanza, kwa sababu ni fupi. Leseni ya bastola si leseni ya kuwinda. Wanyamapori Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, bila kibali cha kuwinda hugusi mnyama, na wenye kukujibu ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, walio hapo hapo Morogoro, karibu nawe kuliko mimi. Usiende Uluguru na bastola kiunoni ukasema Mzee Gobore kakutuma.

La kwanza ni tamu. Tunawaita kulungu kwa kukosa jina. Kulungu wako, ambaye wengine humwita pongo au mbawala, ni ndugu wa tandala. Pembe zake zimejipinda kidogo, ni za maisha, zikivunjika zimevunjika. Huyu wa huku ni ukoo mwingine kabisa, ambao Afrika nzima wenyeji wake wako kaskazini tu, pande za Algeria na Tunisia. Pembe za dume lake zina matawi na hudondoka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli. Nilipofika nchi hii niliziona chini msituni nikadhani nimekuta mabaki ya ujangili, nikarudi mbio kumwita jirani. Akacheka mpaka akakaa chini.

Zile mbili za siku hiyo bado ninazo. Nimezipigilia nyuma ya mlango wa jikoni, tunatundikia makoti.